Profesa Kraus na Sikio Kubwa la Ohio

Jarida letu limezoea kuchapisha habari za watu waliopita katika mabweni yetu: nani amekuwa daktari, nani amekuwa hakimu, nani amerudi kijijini akafuga. Safari hii namwomba Ndugu Mhariri anipe nafasi nieleze habari za mtu ambaye hakusoma kwetu wala hakupata kufika kwetu. Ninafanya hivyo kwa ajili ya vijana wetu wa kidato cha tatu na cha nne, ambao kila mwaka hulalamika kwamba sura ya sumaku na umeme katika fizikia ni kavu kupita zote. Wanasema haina watu ndani yake. Ina waya, sindano ya dira na kanuni ya mkono basi. Wazee wenzangu mnakumbuka kuwa na sisi tulisema vivyo hivyo.

Basi mtu ninayemleta hapa aliishi ndani ya sura hiyo kwa zaidi ya miaka 70. Jina lake ni John Kraus, naye alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani.

Kraus alizaliwa tarehe 28 Juni 1910 katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo kikuu hapo hapo, mtaalamu wa madini, kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ya vitabu. Lakini kilichomvuta zaidi kilikuwa redio. Tangu utoto wake alikuwa miongoni mwa wale wanaoitwa wapenzi wa redio, yaani watu wanaojitengenezea mitambo yao nyumbani na kuzungumza na wenzao wa nchi za mbali usiku kucha. Serikali humpa kila mmoja wao alama yake ya kujitambulisha hewani, na ya Kraus ilikuwa W8JK. Alama hiyo tutakutana nayo tena hivi punde.

Shahada zake zote tatu alizipata katika Chuo Kikuu cha Michigan, na ya udaktari wa fizikia aliipata mwaka wa 1933 akiwa na miaka 23 tu. Miaka ile ilikuwa mibaya huko Marekani, kwani kazi zilikuwa haba hata kwa wenye shahada. Kraus alibaki chuoni akasaidia kujenga saiklotroni, mtambo wa tani 100 wa kuzungusha chembe ndogo mno kwa kasi kubwa. Jioni alirudi kwenye nyaya zake.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuzungumzie antena, ambayo wengi wetu tulizoea kuiita eriali. Aliyekaa bweni enzi za redio za mawimbi mafupi anajua kazi ya kutundika waya kutoka dirishani hadi kwenye mwembe ili kupata taarifa ya habari ya jioni. Tulifanya kwa kubahatisha. Ukiusogeza waya huku sauti inapanda, ukiusogeza kule inazama, na hakuna aliyejua kwa nini. Kraus alitaka kujua kwa nini. Mwaka wa 1937 mhandisi mmoja wa Marekani, George Brown, alionyesha kwa hesabu kwamba nyaya mbili za antena zikiwekwa karibu karibu zinaweza kufanya kazi vizuri kuliko zikiachana mbali, jambo lililokuwa kinyume cha mazoea ya wakati ule. Wengi waliisoma hesabu hiyo wakaendelea na shughuli zao, lakini Kraus alikwenda nje ya nyumba akatundika nyaya mbili zilizopishana kwa sehemu moja ya nane tu ya urefu wa wimbi, akapitisha umeme ndani yake kwa namna ambayo mkondo wa waya mmoja unapingana na wa pili. Kumbe nguvu iliyokuwa ikitawanyika ovyo sasa ilikusanyika ikaelekea pande mbili tu, mbele na nyuma. Antena hiyo ilienea upesi kwa wapenzi wa redio duniani, na hadi leo inaitwa W8JK. Baadaye kidogo alibuni nyingine, yenye bapa mbili za chuma zilizokutana kama kona ya chumba na kijiti cha antena mbele yake. Aina hiyo ilikuja kuonekana juu ya mapaa ya watu wengi ilipofika televisheni.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja ilimchukua kama ilivyowachukua wengine. Wajerumani walikuwa wakitega baharini mabomu yanayolipuka meli inapopita juu yake, bila hata kuguswa, kwa sababu meli ya chuma huvuruga kidogo sumaku ya dunia mahali ilipo. Kraus alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya kuzungushia meli nyaya nene na kupitisha umeme wa kuifuta sumaku hiyo. (Vijana, hiyo ni sura ile ile ya kitabu chenu.) Kisha alihamishiwa Harvard kushughulikia njia za kuitia upofu rada ya adui. Mwaka wa 1946 alihamia mji wa Columbus, Ohio, kufundisha, wala hakuhama tena.

Katika mwaka huo huo lilitokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la kusimuliwa kwa kirefu kuliko mengine yote.

Chuoni alikuja mgeni, mwanasayansi mwenye jina, akatoa mhadhara juu ya aina mpya ya taa ya redio. Ndani ya taa hiyo mlikuwa na waya uliosokotwa kama springi, na wimbi lilisafiri kwa kuufuata waya huo. Mhadhara ulipokwisha Kraus alimwendea akamwuliza kama waya wa namna ile ungeweza kutumika kuwa antena. Mgeni akajibu kuwa hapana. Yeye mwenyewe alikwisha kujaribu na haikufaa kitu.

Kwa desturi zetu mdogo akiuliza na mkubwa akajibu, mazungumzo yamekwisha. Na wala hatuwezi kusema mgeni yule alidanganya, maana alijaribu kweli. Lakini Kraus, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alishangazwa na uthabiti wa jibu lile. Alifikiri hivi: ndani ya taa, springi ni nyembamba sana ikilinganishwa na urefu wa wimbi, ndiyo maana wimbi linaufuata waya na halitoki nje. Je, springi ikinenepeshwa, hata mzingo wa duara lake moja ukalingana na urefu mzima wa wimbi? Hapo wimbi haliwezi kubaki ndani. Litatoka tu, na lililobaki ni kujua litatokea wapi.

Jioni ile ile alishuka katika chumba cha chini ya nyumba yake. Alikuwa na mtambo mdogo uliotoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 12. Alisokota waya mizunguko saba, kila mmoja ukiwa na mzingo wa sentimita 12, yaani upana wa kiasi cha sentimita 4, kitu cha kushika mkononi. Nyuma yake aliweka bapa la chuma, akauunganisha na mtambo wake. Alipopima aliona mwale mkali ukitoka kwenye ncha ya springi kuelekea mbele, mithili ya mwanga wa tochi.

Ajabu ya pili ilikuwa kwamba wimbi hilo lilikuwa likijizungusha lenyewe kadiri lilivyosonga mbele, kama parafujo inavyoingia kwenye mbao. Antena za kawaida za vijiti hutoa wimbi linalotikisika upande mmoja tu, ama juu na chini ama kushoto na kulia. Na anayepokea sharti alaze au asimamishe kijiti chake vivyo hivyo, la sivyo hapati kitu. Wimbi linalojizungusha halina masharti hayo. Mwaka wa 1947 Kraus aliitangaza antena yake, na wahandisi wakaona pia kuwa haina ukaidi: ukikosea vipimo kidogo bado inafanya kazi, na inapokea masafa mengi pasipo kurekebishwa kila mara.

Wakati ule hapakuwa na kitu chochote cha binadamu kilichokuwa kikizunguka angani. Zilipokuja setilaiti ndipo faida yake ilipoonekana. Setilaiti hujigeuzageuza, na wimbi linapopita katika tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme husokoteka njiani, hata haijulikani litafika limelala au limesimama. Springi ya Kraus haijali. Setilaiti za kwanza za mfumo wa GPS wa kuonyesha mahali, zilizoanza kurushwa mwaka wa 1978, kila moja ilibeba kundi la springi 12 zikiwa zimeelekezwa duniani.

Kuhusu setilaiti kuna kisa kingine. Sputnik ya kwanza, iliyorushwa na Warusi tarehe 4 Oktoba 1957, iliishiwa betri baada ya majuma kadhaa ikawa kimya. Ilipokaribia kuanguka, mwanzoni mwa 1958, ilikuwa vigumu kuifuata. Kraus alijua kwamba kimondo kikiingia katika hewa ya juu huacha nyuma yake mkia wa hewa yenye chembe za umeme, na mkia huo hurudisha chini mawimbi ya redio kama kioo. Kwa hiyo alitega redio yake kwenye stesheni ya serikali ya Marekani inayotangaza saa, WWV, akangoja. Sauti ya stesheni ilipanda ghafla kwa zaidi ya dakika moja, kwa wakati na upande uliopatana na njia ya Sputnik. Kwa kutumia mipando hiyo aliweza kueleza jinsi setilaiti ilivyokatikakatika vipande hadi ikaisha. Gharama yake ilikuwa redio ya kupokelea na subira.

Sasa tufike kwenye Sikio Kubwa.

Tangu miaka ya 1930 ilijulikana kuwa mbinguni kunatoka mawimbi ya redio, na baada ya vita elimu hiyo ikawa taaluma kamili. Waingereza na Waaustralia walitangulia. Kraus alianza kwa kutumia alichokuwa nacho: alipanga springi zake 96 katika fremu moja, na mwaka wa 1952 zikaanza kuchora ramani ya mbingu ya redio. Kisha akataka kikubwa zaidi, lakini fedha hazikutosha. Darubini ya redio ya namna ya sahani, ile inayogeuzwa kila upande, hula fedha hasa katika vyuma na mashine za kuizungusha. Kraus akakata shauri kutoizungusha. Alibuni ukuta uliopinda, urefu futi 360 na kwenda juu futi 70, uliosimama tu juu ya ardhi. Mkabala wake aliweka ukuta mwingine bapa, urefu futi 340 na upana futi 100, ambao ungeweza kuinamishwa na kuinuliwa. Ukuta bapa ulipokea mawimbi kutoka mbinguni na kuyarusha kwenye ukuta uliopinda, nao uliyakusanya na kuyapeleka kwenye pembe za kupokelea. Baina ya kuta hizo ilitandazwa sakafu ya alumini iliyozidi viwanja vitatu vya mpira wa Kimarekani. Kazi ya kuzunguka aliiachia dunia yenyewe, kwani kila siku dunia inajizungusha na mbingu nzima inapita mbele ya darubini bila kulipiwa hata senti.

Ujenzi ulianza mwaka wa 1956 karibu na mji wa Delaware, kaskazini ya Columbus. Wajenzi walikuwa hasa wanafunzi. Vijana waliosoma hesabu asubuhi walichimba mashimo, walichomelea vyuma na kukaza nyaya mchana na siku za likizo. Sisi tuliojenga bwalo la shule kwa mikono yetu tunaielewa hali hiyo, ingawa bwalo letu halikulazimika kusahihishwa kwa vipimo vya wimbi la redio. Kazi kubwa ilimalizika mwaka wa 1961 na darubini ikawashwa mwaka wa 1963. Wafaransa waliupenda mpango huo wakajenga yao ya namna hiyo hiyo, kubwa zaidi, mahali paitwapo Nançay.

Kuanzia 1965 Sikio Kubwa lilifanya kazi ya kuorodhesha vyanzo vya mawimbi mbinguni. Zaidi ya vyanzo 19,000 viliandikwa, na zaidi ya nusu yake havikuwa vimejulikana kabla. Mwaka wa 1973 kimoja chao, chenye namba OH 471, kilipopimwa kwa darubini za mwanga kilionekana kuwa ndicho kitu cha mbali kuliko vyote vilivyopata kupimwa hadi siku hiyo.

Lakini fedha za serikali zilikuwa zimekwisha kukatwa mwaka wa 1972, na waliokuwa wakilipwa wakatawanyika. Ungetazamia hadithi iishie hapo. Kraus na msaidizi wake Bob Dixon waliona kwamba darubini isiyo na mfadhili haina wa kuipangia kazi, na mwaka wa 1973 waliielekeza katika jambo ambalo wakubwa wengi waliliona la mzaha: kusikiliza kama kuna viumbe wengine wanaotangaza huko mbinguni. Walitega kwenye masafa ya megahezi 1420 hivi, ambayo ndiyo ya haidrojeni, elementi iliyojaa kuliko zote ulimwenguni. Walifikiri kwamba yeyote mwenye akili, popote alipo, atakuwa anayafahamu masafa hayo. Kazi ilifanywa na watu wa kujitolea, na kompyuta iliandika nguvu ya mawimbi kwenye karatasi kwa tarakimu, na ilipozidi tisa kwa herufi.

Mmoja wa waliojitolea aliitwa Jerry Ehman. Siku chache baada ya tarehe 15 Agosti 1977 aliketi nyumbani kwake na rundo la karatasi hizo. Kwa kawaida zilijaa moja na mbili na nafasi tupu. Katika safu moja alikuta 6EQUJ5. Herufi U ilimaanisha nguvu iliyozidi mvumo wa kawaida wa mbingu kwa mara 30 hivi. Mlio ulikuwa umepanda na kushuka kwa sekunde 72, muda ule ule ambao dunia huchukua kuipitisha nukta moja ya mbingu mbele ya darubini, kwa hiyo haukuelekea kuwa wa gari au mtambo wa jirani. Ehman aliuzungushia wino mwekundu na kuandika pembeni neno moja la mshangao, Wow, ambalo Mswahili angeandika Lo! Mlio ukapewa jina hilo.

Darubini ilikuwa na pembe mbili za kupokelea, na nukta ile ilipaswa kupita mbele ya kila moja kwa kupishana dakika chache. Mlio ulisikika katika moja tu. Waliurudia upande huo wa mbingu mara nyingi, na wengine wenye mitambo bora wakautafuta miaka mingi baadaye. Haukusikika tena. Maelezo mengi yametolewa, na hakuna lililokubaliwa na wote. Kraus mwenyewe hakupiga kelele. Hilo ni mojawapo ya mambo yanayonifanya nimheshimu, maana kwa mtu anayetafuta fedha kishawishi kilikuwa kikubwa.

Sasa kuna jambo ambalo sikulitaja. Darubini ilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, bali ardhi ilikuwa ya chuo kingine, Ohio Wesleyan, kilichoitoa itumike kwa ujirani mwema. Mwishoni mwa 1982 Kraus na wenzake walipata habari kwamba ardhi imeuzwa kwa watu waliotaka kupanua uwanja wa gofu. Barua za kupinga zilitoka nchi nyingi. Wanunuzi wakakubali kuikodisha ardhi kwa muda, na kazi ikaendelea miaka mingine. Mkataba ulikwisha pamoja na mwaka wa 1997, na mwaka wa 1998 kuta zilizosimamishwa na wanafunzi ziliangushwa. Kraus alikuwa akikaribia miaka 88.

Yeye alikuwa amestaafu tangu 1980, ingawa kwa profesa wa aina yake kustaafu ni kuacha kusahihisha mitihani tu. Mwaka wa 1985 wahandisi wenzake walimpa Medali ya Edison. Vitabu vyake vya kufundishia, Antennas cha 1950, Electromagnetics cha 1953 na Radio Astronomy cha 1966, aliendelea kuvirekebisha uzeeni. Toleo la tatu la kile cha kwanza lilitoka mwaka wa 2002, yeye akiwa na miaka zaidi ya 90. Ndugu zetu waliosomea uhandisi wa umeme huenda walikutana nacho. Kina hesabu ngumu, lakini kila baada ya kurasa chache mwandishi anaacha hesabu na kueleza alivyokijaribu kitu kwa mkono, pamoja na habari ya mgeni na springi. Kitabu cha fizikia chenye visa ni adimu, na kama maktaba yetu itapata fedha ningependekeza kinunuliwe.

John Kraus alifariki tarehe 18 Julai 2004, akiwa na miaka 94. Mahali paliposimama Sikio Kubwa watu wanacheza gofu. Darubini ya Nançay bado inafanya kazi, ikiinamisha ukuta wake bapa na kuingoja dunia izunguke.